Forman au Menzel: uanze na nani ukitaka kuijua sinema ya Wacheki?

Swali huja hivi: nimesikia Wacheki wana filamu nzuri sana za miaka ya sitini, nianze na nani? Jibu la haraka ni Miloš Forman, maana jina lake ndilo lililovuka bahari. Si jibu baya. Kasoro yake ni kwamba wengi wakishaambiwa Forman huenda moja kwa moja kwenye filamu zake za Marekani, wakaridhika, na Wacheki wenyewe wasiwaone hata kidogo. Ndiyo maana hapa namweka Jiří Menzel pembeni yake. Wote wawili walipita FAMU, chuo cha filamu cha Prague. Wote walianza kwa vichekesho vidogo vya gharama ndogo, vya picha nyeusi na nyeupe. Wote walibeba Oscar. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 1968 vifaru vya Warusi na washirika wao viliingia nchini mwao, mmoja akaondoka na mwingine akabaki.

Majina tuyamalize kwanza. Miloš husomeka “Milosh”, rahisi. Jiří ndiyo kazi: ile ř ni r na zh zinazotamkwa kwa mpigo mmoja, na hata watoto wa Kicheki huchelewa kuimudu. Sema “Yirzhi” na utaeleweka.

Upande wangu nauweka wazi mapema ili usome ukijua. Kwa mtu anayeanza ningemchagulia Menzel. Lakini filamu moja iliyo bora kuliko zote nitakazotaja ni ya Forman, nayo haina hata neno moja la Kiingereza.

Walikotoka

Forman alizaliwa tarehe 18 Februari 1932 huko Čáslav, mji mdogo mashariki mwa Prague. Mama yake, Anna, alikuwa na hoteli ndogo ya wageni wa majira ya joto kando ya ziwa. Vita vilipokuja, Rudolf, mwanamume ambaye Miloš alimjua kuwa ndiye baba, alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, akafia katika moja ya kambi zao za mateso mwaka 1944. Mama alishatangulia: alifia kambi ya Auschwitz mwaka 1943. Mtoto akalelewa kwa ndugu na jamaa, mwezi huu huku, mwezi ujao kule. Baada ya vita akapelekwa shule ya bweni ya Poděbrady iliyopokea yatima wa vita, na mmoja wa wanafunzi wenzake hapo alikuwa Václav Havel, yule aliyekuja kuwa rais. Haikuishia hapo. Akiwa mtu mzima Forman aligundua kwamba baba yake mzazi hakuwa Rudolf bali msanifu majengo wa Kiyahudi, Otto Kohn, aliyenusurika vita na kuhamia Amerika ya Kusini.

Nayaeleza haya kwa sababu ukizitazama filamu zake huku ukiyajua, utashangaa kwamba hazina kilio hata kidogo. Mtoto anayekula kwenye nyumba za watu hujifunza mapema kusoma nyuso: nani kanuna, nani anaficha kitu, sahani ikipita nani anachota kwanza. Sitasema ndivyo alivyopata kuwa mwongozaji, ila jicho hilo liko katika kila filamu aliyoitengeneza nyumbani.

Menzel hana historia ya kutolea machozi. Alizaliwa Prague tarehe 23 Februari 1938, baba yake Josef akiwa mwandishi wa vitabu vya watoto, kwa hiyo alikulia kwenye maneno. FAMU alifundishwa na mzee Otakar Vávra, mwalimu wa kizazi kizima cha waongozaji, akafanya kazi ya msaidizi kwa Věra Chytilová (huyu mama tutamrudia, hawezi kuachwa), na filamu yake ndefu ya kwanza kabisa ikampa Oscar akiwa na miaka thelathini. Forman wakati huo alikuwa ameshateuliwa mara moja na kurudi mikono mitupu, na baada ya Menzel akateuliwa tena, akakosa tena. Watu husahau jambo hili. Mwaka 1968, kama ungeuliza ni yupi kati yao atakayekuwa mkubwa duniani, mtu mwenye akili timamu angekujibu Menzel.

Namna mbili za kucheka

Ulinganisho wa jumla jumla haumsaidii mtu, basi tuchukue filamu moja kwa kila mmoja.

Ya Forman ni *Hoří, má panenko* ya mwaka 1967. Kwa tafsiri yangu ya haraka, “Moto, bibie”. Forman na wenzake wawili, Ivan Passer na Jaroslav Papoušek, walikuwa wamejifungia Vrchlabí, mji wa milimani, wakiandika filamu nyingine kabisa. Kazi iliwakwama. Jioni moja wakaenda kwenye dansi la kikosi cha zimamoto cha hapo mjini, na waliyoyaona yakawafanya watupe muswada wa zamani na kuanza upya. Waigizaji wengi ni wazimamoto wenyewe wa Vrchlabí wakiwa na sare zao.

Kamati imeandaa dansi la kumuenzi mkuu wa zamani wa kikosi, mzee wa miaka 86. Kuna bahati nasibu, na zawadi zimepangwa mezani: keki, chupa ya pombe kali, nyama ya kichwa cha nguruwe iliyogandishwa. Zinaibwa moja moja. Kila mlinzi anayewekwa kuzilinda anajikuta anamlinda mke wake. Meza inapobaki karibu tupu, kamati inatoa wazo la kiungwana: tutazima taa, aliyechukua arudishe, hatutamjua. Taa zinazimwa. Zinapowashwa, mtu mmoja yuko katikati ya ukumbi na ile nyama mkononi, naye ni mzimamoto. Mkewe ndiye aliyeiiba, yeye alikuwa anairudisha. Sasa sikiliza kamati inavyobishana baadaye: kosa si kwamba mkewe aliiba nyama, kosa ni yeye kuirudisha na kukitia kikosi aibu. Heshima ya kikosi, anasema mmoja wao, inazidi uaminifu wowote.

Katikati ya haya nyumba ya mzee mmoja inashika moto. Gari la zimamoto linakwama kwenye theluji, watu wanautupia moto theluji kwa makoleo. Mzee wanamkalisha kitini nje. Anatetemeka kwa baridi, basi wanamsogeza karibu na moto wa nyumba yake mwenyewe ili apate joto. Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara moja na bado sijui pale nicheke au nifanyeje. Kisha ukumbini wanamchangia: wanamkusanyia tiketi za bahati nasibu, bahati nasibu ambayo zawadi zake zimeibwa. Mzee anawaambia anachohitaji ni pesa.

Yote hayo ndani ya dakika zisizozidi 75. Wazimamoto wa nchi nzima walikasirika. Mtayarishaji wa Kiitaliano, Carlo Ponti, aliyeweka fedha, alizitaka zirudi, na filamu ikaokolewa na Wafaransa wawili, Claude Berri na François Truffaut, walioinunua. Mwaka 1973 serikali iliiweka kwenye orodha ya filamu zilizopigwa marufuku “milele”. Milele ile ilidumu miaka kumi na sita.

Sasa Menzel. *Ostře sledované vlaky*, “Treni zinazofuatiliwa kwa makini”, ya mwaka 1966, imetokana na hadithi ya Bohumil Hrabal. Ni stesheni ndogo ya reli wakati wa kukaliwa na Wajerumani. Miloš Hrma, kijana anayeanza kazi (anaigizwa na Václav Neckář, mwanamuziki wa pop), anavalishwa kofia mpya ya reli na mama yake, taratibu, kama anatawazwa. Anatoka ukoo wa watu wasiopenda kazi na anajivunia: baba alistaafu kuendesha treni akiwa na miaka 48 na sasa anajilaza tu nyumbani; babu alikuwa mtu wa viinimacho, akaenda kusimamisha vifaru vya Wajerumani kwa nguvu ya macho yake, na vifaru havikusimama.

Tukio ambalo kila mtu hulikumbuka ni la zamu ya usiku. Hubička, mwenye zamu ya kuruhusu treni, na Zdenička, binti wa telegrafu, hawana la kufanya. Wanachezacheza, na mchezo unafika mahali ambapo Hubička anachukua mihuri ya ofisi, anaihema ipate unyevu, na kumgonga binti mihuri mapajani, kisha juu ya mapaja, bila haraka, kama anayeshughulikia mizigo ya thamani. Menzel haendi mbio. Unasikia saa ya ukutani, unasikia muhuri. Asubuhi mama wa binti anayaona maandishi na kumkokota kwa wakubwa. Tume ya uchunguzi inakaa. Hitimisho lao? Kilichovunjiwa heshima hapa ni lugha ya Kijerumani, lugha ya dola, iliyoandikwa kwenye mihuri.

Tofauti yao ni hii. Kamera ya Forman hukaa upande wa pili wa ukumbi kama mgeni asiyejulikana na mtu. Inaona kila kitu, haimtetei yeyote. Ya Menzel hukaa jikoni kama shangazi: inajua udhaifu wa kila mmoja na bado inampakulia. Kijana Hrma anapojaribu kujiua kwa sababu ameshindwa mbele ya msichana wake, daktari anayemshauri, kwa sauti ya upole na uso usiocheka, ni Menzel mwenyewe. Forman angemwacha kijana yule ahangaike peke yake, na sisi tungecheka kwa aibu.

Tofauti nyingine ni ya ufundi, na inamhusu sana yeyote anayetaka kutengeneza filamu bila fedha. Forman alipenda watu wasio waigizaji, na hakuwapa muswada waukariri. Aliwaeleza tukio papo hapo, akawaacha waseme kwa mdomo wao, na mpiga picha wake Miroslav Ondříček akaokota kilichotokea. Menzel ni mtu wa tamthilia na vitabu. Aliongoza michezo ya jukwaani maisha yake yote, alitegemea waigizaji waliokomaa kama Rudolf Hrušínský, na alimrudia Hrabal mara sita, ukihesabu na kipande kifupi alichokitoa katika filamu ya pamoja ya vijana wa kizazi chake.

Aliyeondoka, aliyebaki

Vifaru vilipoingia Forman alikuwa Paris. Hadithi ya kuihama kwake nchi aliisimulia sana rafiki yake Passer: Januari 1969 wawili hao waliendesha gari hadi mpaka wa Austria bila vibali vya kutokea, na mlinzi wa zamu akamtambua Forman, akasema anazipenda sana filamu zake, akafungua kizuizi. Wakaishia New York. Filamu ya kwanza ya Forman huko, *Taking Off* ya 1971, ilisifiwa kwenye tamasha la Cannes na haikuleta fedha, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kukaa hotelini bila kazi wala matumaini.

Kilichomtoa ni kitabu ambacho kilikuwa kimtoe miaka kumi kabla. Mwigizaji Kirk Douglas alikuwa amepita Prague, akakutana na Forman, akamwahidi kumtumia kitabu fulani amwambie kama kinafaa filamu. Alikituma, hakikufika, kilizuiwa njiani. Douglas akadhani kijana hana adabu, kijana akadhani mzee ni mwongo. Baadaye Michael, mtoto wa Kirk, bila kuyajua hayo, alimtafuta Forman kwa kitabu hicho hicho. Ndiyo *One Flew Over the Cuckoo's Nest* ya 1975, iliyopigwa ndani ya hospitali halisi ya wagonjwa wa akili huko Salem, Oregon, mganga mkuu wa hospitali akiigiza mganga mkuu. Ilichukua tuzo zote tano kubwa za Oscar: filamu, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na muswada. Kabla yake ni filamu moja tu iliyowahi kufanya hivyo, ya mwaka 1934. Forman mwenyewe aliwahi kuandika kwamba kwake yeye Chama cha Kikomunisti ndicho kilikuwa yule nesi wa filamu hiyo anayekuambia ufanye nini na usifanye nini.

Mwaka 1983 alirudi Prague kupiga *Amadeus*, filamu kuhusu mtunzi wa muziki Mozart, akiwa raia wa Marekani, kwa sababu ndiko mitaa ya karne ya 18 ilikuwa imebaki mizima, na kwa sababu jumba la tamthilia ambamo Mozart alizindua opera yake *Don Giovanni* mwaka 1787 lilikuwa bado lipo. Serikali ilihitaji dola. Tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, badala ya muziki wa tukio, spika zikapiga wimbo wa taifa wa Marekani. Waigizaji wa ziada na mafundi wote wakasimama, isipokuwa watu kama thelathini hivi waliobaki wamekaa, wakitazamana. Ndipo ikajulikana polisi wa siri walikuwa kina nani. *Amadeus* ilipata Oscar nane.

Menzel hana miaka kama hiyo. Baada ya ile ya treni alitengeneza *Rozmarné léto*, iliyotoka mwaka 1968, filamu nyepesi ya majira ya joto yenye mvua, akajifunza kutembea juu ya kamba ili aigize mwanasarakasi mwenyewe. Kisha *Skřivánci na niti* mwaka 1969, tena kwa Hrabal: uwanja wa vyuma chakavu ambapo profesa wa falsafa, mwendesha mashtaka na mpiga saksafoni wamewekwa “wajirekebishe” kwa kazi ya mikono, jirani na wanawake wafungwa. Mpiga saksafoni yuko pale kwa sababu chombo chake kimetajwa kuwa cha mabepari. Mashine za kuchapia zinatupwa kwenye lundo kwenda kuyeyushwa. Filamu ilifungiwa kabla haijaonyeshwa, na Menzel akakaa miaka kadhaa bila kuruhusiwa kutengeneza nyingine.

Hapa ndipo watu hugombana juu yake. Ili arudi kazini alijitenga hadharani na kazi zake za nyuma, na mwaka 1974 akatoa filamu ya vijana wanaojenga bwawa la umeme, ya kuwaridhisha wakubwa. Usihangaike kuitafuta. Wapo wanaosema mtu aliyebaki ndani alilipa bei ambayo aliyeondoka hakulipa, na ni kweli. Lakini utetezi huo una tundu, na tundu lenyewe linaitwa Věra Chytilová. Naye alibaki, naye alifungiwa. Mwaka 1975 akamwandikia Rais Husák barua ya kudai kazi yake bila kukana kitu, na mwaka uliofuata akawa anapiga filamu. Aliyeigiza humo kama daktari ni, amini usiamini, Menzel. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Pengine si kila mtu ana kifua cha Chytilová, na mimi simlaumu Menzel kwa kutokuwa nacho. Ila nikisikia anapambwa kuwa shujaa wa kimya kimya, sikubali.

Alichokipata kwa kubaki ni watu wake. *Vesničko má středisková* ya 1985, iliyoandikwa na Zdeněk Svěrák, inaanza na asubuhi ya kawaida kijijini. Pávek, dereva wa lori, mnene, anatoka kwenda kazini. Otík, utingo wake, mrefu mwembamba, akili yake nyepesi, anamsubiri, na wanapoondoka Otík anabadili hatua zake zilingane na za bosi, mguu kwa mguu. Pávek amechoka naye. Otík akimwongoza kurudi nyuma, lori linang'oa nguzo ya geti la watu. Filamu nzima inategemea swali la kama dereva atamwacha utingo wake aende. Daktari wa kijiji, Hrušínský tena, anaendesha gari huku akisifu mandhari kwa mashairi, na kila mara anaishia mtaroni. Hakuna maandamano humo, hakuna hotuba, na wakubwa wa 1985 waliipitisha. Iliteuliwa Oscar. Wacheki hadi leo wanaikariri.

Wote wawili wana Dubu wa Dhahabu wa tamasha la Berlin. Forman aliipata 1997 kwa filamu kuhusu mchapishaji wa majarida ya ngono aliyepigania uhuru wa kusema hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Menzel aliipata 1990 kwa *Skřivánci na niti*, kazi ya miaka ishirini na moja nyuma iliyotolewa kabatini.

Na kabla hujamwona Menzel kama mzee mpole tu: mwaka 1998, kwenye tamasha la Karlovy Vary, alichukua fimbo na kumchapa mtayarishaji mmoja mbele ya watu, kisa haki za riwaya ya Hrabal aliyokuwa anaitaka kwa miaka. Filamu yenyewe aliipata hatimaye, ikatoka 2006 kama *Obsluhoval jsem anglického krále*. Mwaka huo huo Forman alitoa ya kwake kubwa ya mwisho, kuhusu mchoraji Goya. Ya Menzel imezeeka vizuri. Ya Forman ina kila kitu ila uhai.

Basi uchague vipi

Kama una jioni moja tu na hutaki kusoma historia, chukua *Hoří, má panenko*. Ni fupi, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ataielewa bila maelezo.

Kama unataka kumjua Mcheki nyumbani kwake, vile anavyokunywa, anavyoogopa na anavyopatana na jirani aliyemtukana jana, ni Menzel, na uanze na treni.

Angalia suala la lugha. Karibu kila nakala utakayoipata ina tafsiri ya Kiingereza chini ya skrini. Kwa Forman wa Prague hupotezi sana, maana nyuso ndizo zinazosema. Unaweza hata kuachia mistari kadhaa ipite. Kwa Menzel unapoteza zaidi, kwa kuwa nusu ya raha ni sentensi za Hrabal. Kama kusoma haraka kunakuchosha, hilo peke yake linaweza kukuamulia.

Mazingira nayo. *Ostře sledované vlaky* usiiweke sebuleni mkwe akiwepo. Mihuri ile haina pa kujificha. *Amadeus* inatazamika na watu wa rika nyingi, ila tafuta ile ya awali ya dakika 160. Toleo refu la baadaye limeongezewa dakika ishirini ambazo filamu haikuzihitaji. Ile ya hospitali ni nzuri kama inavyosifiwa, lakini ina mtu anayejiua na mwisho mzito, basi usiifungulie wageni waliokuja kupumzika.

Kama wewe mwenyewe unatengeneza filamu kwa kamera ya kuazima na majirani kama waigizaji, mwache Menzel kwanza. Tazama *Černý Petr*, filamu ndefu ya kwanza ya Forman, ya mwaka 1964, iliyoshinda tamasha la Locarno. Kijana ameajiriwa kwenye duka la vyakula, kazi yake ni kuzurura kati ya rafu akichunga wateja wasiibe, ila ahakikishe hawajui kwamba wanachungwa. Anamshuku mtu mmoja, anamfuata nje, anaendelea kumfuata mitaani, hana ujasiri wa kumsemesha. Hakuna kingine kinachotokea kwa dakika nyingi, na huwezi kuondoa macho. Baba yake anamhutubia nyumbani kwa sentensi zisizofika mwisho. Mwigizaji huyo hakuwa mwigizaji, alikuwa kiongozi wa bendi.

Vya kuruka ni vichache: kwa Forman ile ya Goya, kwa Menzel ile ya bwawa na ile yake ya mwisho ya 2013 kuhusu waimbaji wa opera. *Valmont* ya Forman waiache wenye muda.

Menzel alifariki Septemba 2020, Forman alitangulia Aprili 2018 huko Connecticut. Ukishamaliza filamu mbili za kila mmoja na bado una hamu, nenda kwa Chytilová, *Sedmikrásky* ya 1966: wasichana wawili, chakula kingi, na mbunge aliyesimama bungeni kulalamika kwamba kinaharibiwa. Huyo simlinganishi na mtu.